Mashine Ndani ya Mashine: Historia ya Kuhifadhi Programu za Kale na Maana Yake kwa Wachunguzi wa Lugha

Mtu aliyezoea kuchungua miswada ya kale ya Kiswahili hahitaji kuambiwa ya kuwa maandishi hayajitoshi. Karatasi yaweza kuwa nzima, wino ukawa haujafifia, na hata hivyo msomaji akashindwa kujua kilichoandikwa. Miswada mingi ya pwani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kama zilivyotumiwa na waandishi wa zamani, hazikuwa na alama ya kupambanua kila sauti ya Kiswahili. Herufi ya be ilibeba b, p na mb; kwa hiyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa bata, au pata, au mbata. Alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, na nyingine kwa u na o, hata pita na peta zikawa na sura moja. Aliyeandika hakuona taabu, kwa kuwa aliijua lugha, aliujua utenzi, na alijua vina na mizani yake. Ujuzi huo haukuwa ndani ya karatasi, ulikuwa ndani ya watu. Walipotoweka watu hao, karatasi ilibaki nusu ya maandishi.

Makala haya yahusu maandishi ya namna nyingine, machanga kwa umri lakini yenye shida ileile: maandishi yaliyomo katika kompyuta. Faili ya kompyuta haisomeki ila kwa programu iliyoiandika au inayoifahamu. Programu nayo haifanyi kazi ila juu ya mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayotawala kumbukumbu, diski na kioo na kuzigawia programu nyingine nafasi yao. Na mfumo wa uendeshaji haufanyi kazi ila juu ya mashine yenye chipu inayofahamu amri zake. Ni mnyororo wa pete nne, na ikikatika moja, zilizobaki hazina faida. Nia yetu ni kueleza jinsi watu walivyojifunza kuiunda upya pete iliyokatika kwa kuiendesha mashine ya kale ndani ya mashine mpya, na kutoa hoja ya kuwa ufundi huo, ambao wengi huudhania kuwa shughuli ya mafundi peke yao, wamhusu sana mtu anayetunga kamusi, anayehariri tungo, au anayekusanya maneno ya lahaja.

Yafaa kwanza kueleza istilahi. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake wenyewe. Ni kazi ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya leo na kuunda humo sura ya kompyuta nyingine, yenye kumbukumbu yake, diski yake, kioo chake na hata saa yake. Mfumo wa uendeshaji wa zamani ukiwekwa humo huikuta mashine kama ile ulioizoea, nao hufanya kazi kama ulivyofanya siku zake. Kompyuta ya nje huitwa mwenyeji, na mfumo ulio ndani huitwa mgeni. Maneno haya mawili yaifaa lugha yetu vizuri, kwa kuwa mgeni hutumia vyombo vya nyumba bila ya kuwa na mamlaka juu yake. Neno pepe tumelizoea katika barua pepe. Msomaji wa kamusi atakumbuka ya kuwa pepe ni pia punje tupu isiyo na kiini, na huenda akatabasamu. Maana jambo la ajabu katika mashine hii ni kwamba ganda lake ndilo lililotengenezwa upya, ilhali kiini kilichomo ndani, yaani programu na maandishi ya kale, ni chenyewe bila ya kubadilishwa.

Kuna jambo jingine lililo karibu na hili, nalo ni uigaji. Uigaji ni kazi ya mkalimani. Mashine ya kale ilikuwa na lugha yake ya amri, na mashine mpya haiifahamu lugha hiyo. Basi programu ya uigaji hukaa katikati, ikasoma kila amri ya zamani na kuifasiri kwa lugha ya chipu mpya. Mashine pepe, kwa maana yake halisi, haihitaji mkalimani kwa kila neno, kwa sababu mgeni na mwenyeji husema lugha moja. Amri nyingi za mgeni huenda moja kwa moja kwenye chipu, na zile chache tu zinazogusa utawala wa mashine huzuiwa na kushughulikiwa na mwenyeji. Mkalimani ni mwenye subira lakini ni mzito. Mwenyeji ni mwepesi, lakini hawezi kumpokea mgeni wa lugha asiyoijua. Historia ya kuhifadhi programu za kale ni historia ya njia hizi mbili, mara zikifuatana na mara zikisaidiana.

Shida yenyewe ilizaliwa mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1959 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake iliyoitwa 1401, na katika miaka iliyofuata zilitengenezwa zaidi ya 10,000, idadi kubwa sana kwa zama zile. Mabenki, mashirika ya bima na viwanda vilizitungia programu za mishahara, hesabu na ghala. Tarehe 7 Aprili, 1964, kampuni hiyo ikatangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360, ambayo lugha yake ya amri haikuwa ile ya 1401. Kwa mwenye kampuni lilikuwa jambo la maendeleo. Kwa mteja lilikuwa ni kuambiwa kwamba kazi ya miaka mingi itupwe na kuanzwa upya. Hatari hiyo haikuwa ya kuwaza tu. Mwezi wa Desemba, 1963, kampuni ya Honeywell ilikuwa imeitangaza mashine yake iitwayo Honeywell 200, pamoja na programu ya kuzigeuza programu za 1401 zipate kutumika humo. Mteja ambaye ni lazima ahame aweza kuhamia popote.

Jibu la IBM lilikuwa kuweka ndani ya baadhi ya mashine mpya msimbo maalumu wa kuiiga 1401. Hivyo katika System/360 ya Model 30 programu za zamani zilifanya kazi bila ya kuandikwa upya, na mara nyingi kwa kasi kuliko katika mashine yao ya asili. Stewart Tucker wa IBM aliieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1965 kuhusu uigaji wa mashine kubwa, na tangu hapo neno uigaji likapata maana yake ya kiufundi. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Watu hawa hawakufikiri habari za makumbusho wala za wanahistoria. Walitaka kuuza mashine. Lakini waligundua kanuni ambayo wahifadhi wa nyaraka waliijia miaka thelathini baadaye: kwamba yawezekana kubadilisha chombo bila ya kuyagusa yaliyomo.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, kituo cha utafiti cha IBM kilikuwa kikitafuta njia ya kuwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Robert Creasy na Les Comeau walichagua njia isiyo ya kawaida. Badala ya kutunga mfumo mmoja mkubwa wa kuwahudumia watu wote, walitunga mfumo mdogo wa kumpa kila mtu mfano wa mashine nzima, kana kwamba ni yake peke yake. Mfumo huo, CP-40, ulianza kutumika mwezi wa Januari, 1967, nao uliweza kubeba mashine pepe 14 kwa pamoja. Ukafuatwa na CP-67, na tarehe 2 Agosti, 1972, IBM ikatangaza VM/370 kuwa bidhaa ya wateja wote. Mrithi wake, z/VM, ungali watumika hata leo.

Faida moja ya VM/370 yahusu moja kwa moja habari yetu. Mteja aliyetaka kuuacha mfumo wa uendeshaji wa zamani na kuingia katika mpya hakulazimika tena kufunga duka siku moja na kulifungua kesho yake katika hali asiyoizoea. Aliweza kuiendesha mifumo yote miwili katika mashine moja, ya kale katika chumba hiki na mpya katika chumba kile, akalinganisha majibu yake, na kuhama polepole. Hapo ndipo kwanza mashine pepe ilipokuwa shahidi: ilimwezesha mtu kuuliza swali lilelile kwa mzee na kwa kijana, na kuona kama majibu ni mamoja.

Jambo lililofanywa kwa mazoea lilipata nadharia yake mwaka 1974, pale Gerald Popek wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Robert Goldberg wa Harvard walipoeleza sharti za mashine pepe ya kweli. Sharti zao ni tatu. Ya kwanza ni usawa: programu iliyomo ndani itoe majibu yaleyale ambayo ingeyatoa katika mashine halisi, isipokuwa tofauti za muda na za wingi wa kumbukumbu. Ya pili ni utawala: mwenyeji ashike mamlaka kamili juu ya vyombo vyote, mgeni asiweze kuchukua asichopewa. Ya tatu ni wepesi: sehemu kubwa ya amri za mgeni ziende moja kwa moja kwenye chipu bila ya kuingiliwa. Mtaalamu wa lugha ataona ya kuwa sharti ya kwanza ndiyo ileile tunayoidai kwa mnakili wa mswada. Sharti nyingine mbili ni za nyumba, lakini usawa ni wa maandishi yenyewe.

Kompyuta ndogo zilipoenea, elimu hii ilisahauliwa kwa muda. Kompyuta ya mezani iliyotolewa na IBM mwaka 1981 ilikuwa mashine ya mtu mmoja na kazi moja, na mfumo wake, DOS, haukuwaza habari za wageni. Chipu ya Intel iitwayo 80386, iliyotolewa mwaka 1985, ilikuwa na hali maalumu ya kuendesha programu kadhaa za DOS, kila moja ikidhani iko peke yake. Lakini chipu ile kwa jumla haikutimiza masharti ya Popek na Goldberg, kwa sababu baadhi ya amri zake zilizohusu utawala hazikuzuilika. Wengi waliamini ya kuwa haiwezekani kuwa na mashine pepe kamili katika chipu za namna hiyo. Mwaka 1998 watu watano, miongoni mwao Mendel Rosenblum wa Chuo Kikuu cha Stanford na Diane Greene, walianzisha kampuni ya VMware, na mwaka 1999 wakatoa programu iliyolitenda jambo hilo. Siri yao ilikuwa kuziunganisha njia zote mbili: amri za kawaida ziliachwa ziende moja kwa moja, na zile sumbufu zilifasiriwa kabla ya kufika kwenye chipu. Mwaka 2005 Intel na mwaka 2006 AMD zikaongeza katika chipu zao uwezo wa kuwapokea wageni, na tangu hapo jambo lililokuwa la ustadi wa pekee likawa la kawaida. QEMU ya Fabrice Bellard ilitokea mwaka 2003, VirtualBox mwaka 2007, na zote mbili zapatikana bila ya malipo.

Ushahidi mkubwa wa haja ya vyombo hivi ulitolewa na wenye mifumo wenyewe. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikakaa katika ofisi na vyuo vya dunia nzima kwa muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Windows 7 ilipotolewa mwezi wa Oktoba, 2009, kampuni ya Microsoft iliwapa wateja wa matoleo yake ya kiofisi mashine pepe yenye Windows XP kamili ndani yake, ili programu zilizokataa kuhama zipate mahali pa kukaa. Huko ni kukiri ya kuwa mfumo mpya hauwezi kubeba kila kilichotungwa kwa ajili ya mfumo wa zamani. Sababu ni nyepesi kueleza. Programu za DOS na za Windows za mwanzo zilitungwa kwa amri za biti 16, na Windows ya biti 64 haizipokei kabisa. Aliyenunua kompyuta mpya aliweza kuyaona mafaili yake yote yakiwa salama katika diski, na asiweze kufungua hata moja. Tarehe 8 Aprili, 2014, kampuni iliacha kuitengenezea Windows XP marekebisho ya usalama, na mgeni aliyepewa chumba mwaka 2009 akabaki bila ya mlinzi.

Wanavyuoni waliingia katika jambo hili baada ya kupata hofu. Mwaka 1986, miaka 900 baada ya kile kitabu cha mfalme William kilichoorodhesha ardhi na mali za Uingereza, BBC ilitoa orodha mpya ya maisha ya nchi ile katika diski za leza zilizosomwa kwa kompyuta ya Acorn. Watu zaidi ya milioni moja walichangia habari zake. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma diski hizo zikawa adimu, ilhali kitabu cha mwaka 1086 kingali chasomeka. Mwaka 2002 mradi wa Chuo Kikuu cha Leeds na Chuo Kikuu cha Michigan ulionyesha ya kuwa orodha ile yaweza kufunguliwa tena kwa kuiiga mashine yake ya asili. Baadaye, mwaka 2011, BBC iliitoa sehemu ya habari hizo katika intaneti kwa sura mpya, lakini mahali hapo palifungwa mwaka 2018, na nakala yake ikabaki katika hifadhi ya taifa. Basi orodha moja iliponea chupuchupu mara mbili: kwanza ilipokuwa katika chombo cha kale, kisha ilipokuwa imekwisha hamishwa katika kipya.

Mfano wa pili ni wa fasihi. Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, kilipata nyaraka za mwandishi Salman Rushdie mwaka 2006, na pamoja na karatasi zilikuwamo kompyuta zake za Macintosh. Zilipofunguliwa kwa wasomaji mwaka 2010, wahifadhi hawakutoa mafaili matupu tu. Waliiiga kompyuta moja nzima, hata mtafiti akaweza kukaa mbele ya kioo na kuona mpangilio wa kazi kama mwandishi alivyouacha: jina la kila faili, mahali pake, na programu iliyotumika. Kwa mhariri wa tungo hayo si mapambo. Mpangilio wa mafaili ni sehemu ya historia ya utungaji, kama vile mistari iliyokatwa na maneno ya pambizoni yalivyo katika mswada.

Sasa tuje kwa wachunguzi wa lugha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi nyingi za kamusi na za lahaja zilifanywa kwa programu ya Shoebox iliyotolewa na SIL, ambayo ilianza katika DOS na baadaye ikarithiwa na Toolbox. Waliotumia programu hiyo walikuwa na bahati, kwa sababu maneno yao yalihifadhiwa kwa maandishi ya kawaida yenye alama fupi mwanzoni mwa kila mstari, hii ya kidahizo, hii ya aina ya neno, hii ya maana. Na maandishi ya namna hiyo yaweza kufunguliwa popote. Lakini hata hao walipata shida ya herufi. Kabla ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambayo ilichukua miaka mingi kuenea, hapakuwa na nafasi ya kutosha kwa alama za fonetiki. Fonti zilizotumika ziliweka alama hizo katika nafasi za herufi nyingine. Mtafiti aliona kiooni alama ya sauti aliyoitaka. Faili yenyewe ilihifadhi namba ya herufi tofauti kabisa. Faili hiyo ikifunguliwa leo bila ya fonti yake, matamshi ya neno huonekana kama mchanganyiko wa herufi zisizo na maana, na mtu asiyejua aweza kudhani imeharibika.

Haikuharibika. Imefikwa na jambo lilelile lililoufika mswada wa herufi za Kiarabu: alama iko, lakini mapatano ya kuisoma yalikuwa mahali pengine. Katika mswada mapatano yalikuwa kichwani mwa mwandishi; katika faili yalikuwa katika fonti, na fonti ilikuwa katika mfumo wa uendeshaji, na mfumo ulikuwa katika mashine iliyokwisha tupwa.

Wapo watu wenye busara wasemao ya kuwa dawa ni kugeuza tu. Yageuzwe mafaili yote kuwa katika sura ya leo, wasema, na mashine za kale ziachwe zilale. Hoja yao ina uzito. Mashine pepe huhitaji ujuzi, mahali na uangalizi. Maandishi yaliyogeuzwa husomeka na kila mtu, hutafutika, na huweza kuchapishwa. Hakuna atakayetaka kufungua DOS kila mara anapotaka kuliangalia neno. Lakini hoja hii yasahau swali moja: tutajuaje kama mgeuzo ni sahihi? Jedwali la kugeuza fonti ya kale kuwa Unicode likikosea alama moja, kosa hilo halitokei mara moja. Hutokea katika kila neno lenye alama hiyo, elfu kwa elfu, nalo hufanana na ukweli kwa sababu hurudiwa bila ya kukosa. Toni ya juu yaweza kuwa ya chini katika kamusi nzima. Na ikiwa programu ya asili haiwezi tena kufunguliwa, hapana mahakama ya kukata rufani.

Jambo hili tunalijua katika historia ya fasihi yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, nayo yakachapishwa kwa herufi za Kirumi na William Hichens mwaka 1940. Kitabu hicho kilikuwa neema kwa wasomaji. Lakini kila usomaji wa herufi za Kiarabu ni uamuzi, na uamuzi waweza kupingwa. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika SOAS, na kwa hiyo mwenye shaka ana mahali pa kurudi. Hakuna mtu aliyesema ya kuwa baada ya kuchapa kitabu karatasi zichomwe moto. Vivyo hivyo utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake uko Hamburg: waweza kuhaririwa mara nyingi, na kila mhariri apimwa kwa mswada uleule.

Basi hoja yetu ni hii. Faida ya mashine pepe kwa mwanachuoni si kuendelea kuishi katika mfumo wa zamani, bali ni kuwa na shahidi. Faili iliyogeuzwa ni chapa. Faili ya asili ndiyo mswada. Na mashine pepe yenye mfumo wake, programu yake na fonti zake ndiyo macho ya mtu wa zama zile yaliyohifadhiwa ili yatuambie mswada unasema nini. Mhariri akishuku neno, hufungua dirisha la mashine ya kale, akalitazama neno kama mtunzi alivyolitazama, kisha akalilinganisha na chapa. Mgeuzo bila ya shahidi ni imani tupu. Shahidi bila ya mgeuzo ni hazina iliyofungiwa. Vyote viwili vyatakiwa, kila kimoja kwa kazi yake.

Njia yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kwanza disketi au diski hunakiliwa yote, biti kwa biti, wala si mafaili tu yanayoonekana, kwa sababu fonti, mipangilio na tarehe navyo ni ushahidi. Pili huundwa mashine pepe yenye kumbukumbu ndogo kama ya zamani, na mfumo wa uendeshaji hutiwa humo kutoka katika diski zake halali. Tatu programu na fonti huwekwa, kisha hali nzima ya mashine hupigwa muhuri, yaani huhifadhiwa ilivyo, ili kila mtafiti aanzie mahali pamoja na asiharibu kwa kujaribu. Nne mgeni huyo hafunguliwi mlango wa intaneti, kwa kuwa mfumo usio na marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Tano huandikwa karatasi ya maelezo: programu gani, toleo gani, fonti gani, aliyetumia alikuwa na desturi gani. Sharti hii ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo husahauliwa zaidi.

Haifai kuficha udhaifu wa njia hii. Nyumba ya mgeni nayo huzeeka. Mwezi wa Novemba, 2020, kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta za Mac zenye chipu zake yenyewe badala ya zile za Intel, na wageni wa lugha ya Intel wakahitaji tena mkalimani katika mashine hizo. Mambo yakarudi pale yalipokuwa mwaka 1964. Sheria nayo ni kizuizi. Mfumo wa uendeshaji una leseni, na programu nyingi za kale zina kufuli zake, hata pale ambapo mwenye kuziuza hayupo tena. Huko Marekani maktaba na hifadhi zilipata mwaka 2018 ruhusa maalumu ya kuzifungua kufuli hizo kwa ajili ya kuhifadhi programu zisizouzwa tena, na ruhusa ya namna hiyo ni jambo ambalo vyuo vya nchi yoyote vyafaa kulidai. Yale imeongoza mradi wa kuziweka mashine za kale pamoja, ili mtafiti azifungue kutoka mbali bila ya kuwa fundi. Huo ni mwelekeo mwema, kwa kuwa si busara kila idara ya lugha kuanza kila kitu peke yake.

Lakini udhaifu mkubwa kuliko wote si wa chipu wala wa sheria. Waliozikusanya lahaja na kuzitunga kamusi kwa programu za miaka ya 1980 na 1990 ni watu wazima sasa, na baadhi yao wametutoka. Wao ndio wanaojua alama ile iliyowekwa pembeni mwa neno ilikuwa na maana gani, ni fonti ipi iliyotumika katika safari ipi, na kwa nini faili mbili zenye jina moja zinatofautiana. Mashine pepe yaweza kurudisha programu, lakini haiwezi kurudisha maelezo ambayo hayakuandikwa. Mwandishi wa utenzi wa zamani hakutuachia ufunguo wa herufi zake kwa sababu hakujua ya kuwa sisi tutauhitaji. Sisi twajua ya kuwa watakaotufuata watauhitaji wetu. Yapasa basi kila chuo chenye kabati la disketi kiwaendee wazee wake na daftari mkononi kabla ya kumwendea fundi, kiwaulize, na kiandike.